Kanda Zilizozikwa Hargeisa na Kanda Iliyo Ndani ya Kitenge Chako

[Muziki wa kufungulia, sekunde 20, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au kambi nyingine yoyote, sogeza redio karibu, na mwite jirani yako naye asikie.

Leo naanza na swali. Siku ile ulipokimbia, ulibeba nini? Wengi watasema mtoto mgongoni, sufuria, karatasi za shule, labda godoro. Lakini nimekaa na wazee wengi hapa kambini, na zaidi ya mara moja nimemwona mtu akifungua kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, na ndani yake imo kanda ya kaseti. Redio ya kuichezea hana, ya mwisho iliharibika zamani. Hata hivyo kanda hakuitupa.

Kipindi cha leo ni juu ya kanda hizo. Zilitoka wapi, zimebeba nini, na tufanye nini kabla hazijanyamaza kabisa.

Twende kwanza Hargeisa, kaskazini mwa Somalia ya wakati ule. Mwishoni mwa Mei 1988, wapiganaji wa SNM, waliokuwa wakiipinga serikali ya Siad Barre, waliingia mjini. Serikali ikajibu kwa mizinga na ndege za kivita. Ndege nyingine ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo, zikageuka na kuupiga mji ulioko chini yake. Sehemu kubwa ya Hargeisa ikawa kifusi. Leo, katikati ya mji, ipo ndege moja ya kivita ya aina ya MiG imewekwa juu ya nguzo kama kumbukumbu ya siku zile.

Mamia ya maelfu ya watu walitoka kwenda Ethiopia, wengi kwa miguu. Walifikia sehemu kama Hartisheik, iliyokuja kuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa duniani, na iliyofungwa mwaka 2004. Safari ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa sana sisi. Tunaijua.

Sasa sikia jambo ambalo huenda hujalisikia. Mjini Hargeisa kulikuwa na kituo cha redio kilichoanza miaka ya 1940, enzi za Waingereza. Ndani ya kituo hicho kulikuwa na kanda za nyimbo, mashairi na michezo ya kuigiza, kazi ya miaka mingi. Wafanyakazi wa redio walijua kwamba vita vikija, kituo cha redio ni kati ya vitu vya kwanza kupigwa. Basi wakazitoa kanda. Nyingine zikavushwa hadi Jibuti na Ethiopia. Nyingine zikazikwa chini ya ardhi, kwa kina, ili mabomu yasizifikie.

Nataka tutulie hapo kidogo. Mji unakaribia kuwaka moto, na mtu anachimba shimo kuzika nyimbo. Kwa nini?

Jibu moja ni hili. Lugha ya Kisomali ilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, historia ya watu, sheria zao, ugomvi wao na mapenzi yao vilikaa vichwani, katika mashairi. Kanda ilipofika, ikawa kama daftari la watu wasioandika. Mwaka 1979, mshairi Gaarriye alianzisha mlolongo wa mashairi unaoitwa Deelley. Mshairi mwenzake Hadraawi akajibu, na wengine wengi wakaingia. Walizungumza wazi juu ya utawala mbaya na juu ya ukabila. Mashairi hayo hayakungoja ruhusa ya mtu. Yalisafiri kwa kanda: mmoja anarekodi, wa pili ananakili, wa tatu anaitia mfukoni na kupanda basi. Wasomali waliokuwa ughaibuni nao walituma barua za sauti. Badala ya kuandika, mtu alikaa mbele ya redio kaseti, akasalimia ukoo mzima, akampa msafiri kanda.

Kwa hiyo waliozika zile kanda hawakuwa wanazika burudani tu. Walikuwa wanaficha kumbukumbu ya watu isiteketee.

[Muziki mfupi, sekunde 10]

Ndugu msikilizaji, kanda haikuwa ya kwanza kubeba sauti. Kabla yake ilikuwepo santuri, ile sahani nyeusi. Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walipanda meli hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Fikiria umbali huo, kwa ajili ya sauti tu. Kwetu Kongo, mwaka 1948, mfanyabiashara Mgiriki aitwaye Jeronimidis alifungua studio ya Ngoma mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy aliimba Marie-Louise pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, na wazee wa rumba hadi leo wanauhesabu wimbo huo kuwa kati ya mizizi ya muziki wetu.

Na mwaka 1952, mtu aitwaye Hugh Tracey alizunguka Kongo na Rwanda na mashine zake akirekodi ngoma na nyimbo za vijijini na mijini. Huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, katika Katanga, alimkuta kijana akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili. Alikuwa Jean Bosco Mwenda. Kanda za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, na siku hizi zimeingizwa kwenye kompyuta. Mjukuu wa mtu aliyeimba mwaka 1952 anaweza kumsikia babu yake.

Lakini angalia jambo moja. Santuri ilihitaji kiwanda. Studio ilihitaji mwenye mali. Aliyeamua nani arekodiwe alikuwa mwenye mashine. Kanda ya kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyobadilisha mambo. Ukiwa na redio kaseti, mawe manne ya betri na kanda tupu, wewe mwenyewe ulikuwa studio. Harusi ya kijijini, mahubiri, kilio cha msibani, mama akibembeleza mtoto, mambo ambayo hakuna kampuni ingeyatengenezea santuri, yote yaliingia kwenye kanda.

Ndiyo maana kanda iliyoko ndani ya kitenge chako ina thamani. Santuri ya mwimbaji maarufu, ikivunjika hapa, huenda nakala yake ipo kwingine. Kanda ya harusi ya kaka yako ni moja tu duniani.

Na kanda haidumu milele. Sauti iko kwenye utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini unaoshika sumaku. Upana wake haufiki milimita nne, na katika kanda ya dakika 60 urefu wake ni kama mita 90. Joto linaukunja. Unyevu unaleta ukungu mweupe. Sumaku ya spika iliyowekwa karibu inaweza kufuta sauti. Kisha kuna tatizo jingine: mashine za kuichezea zinakwisha, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti walitoa onyo kwamba kufikia kama mwaka 2025 sauti nyingi zilizo kwenye kanda duniani zitakuwa hazisomeki tena. Mwaka huo umeshafika.

[Kimya kifupi]

Sasa niwaambie habari yangu, maana nilikosea, na sitaki mwenzangu akosee hivyohivyo.

Mimi nilizaliwa kambini. Kongo naijua kwa kusimuliwa. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi mwishoni mwa mwaka 1996, pamoja na mama yangu na mjomba wangu wa mwisho. Katika mfuko wa nguo alikuwa na kanda moja ya dakika 60. Upande wa kwanza ilikuwa harusi ya mjomba wangu mkubwa, iliyofanyika Baraka mwaka 1983. Upande wa pili, babu akiwausia maharusi kwa Kibembe. Babu mwenyewe hakuvuka ziwa.

Miaka michache baadaye, mjomba wangu mdogo, wakati huo kijana wa shule, alisikia redioni wimbo wa rumba alioupenda sana. Kanda tupu hakuwa nayo, na pesa ya kununua hakuna. Ile kanda ilikuwa imevunjwa vipande viwili vya plastiki vya mgongoni ili isirekodiwe tena. Akaziba vitundu kwa karatasi, akarekodi wimbo juu ya maneno ya babu. Dakika nne zikapotea. Bibi hakumpiga. Aliichukua kanda, akaifunga kwenye kitenge, na hakuna aliyeisikia tena kwa miaka karibu ishirini.

Nilipoanza kujifunza utangazaji, nikamwomba ile kanda. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, ukiiharibu utakuwa umemzika babu yako mara ya pili." Nikaichukua kwa mikono miwili.

Nieleze kazi ilivyokwenda, kwa sababu wengi mtaihitaji. Kwanza sikuitia kwenye mashine moja kwa moja. Niliijaribu mashine kwa kanda isiyo na maana, nione kama haitafuni utepe. Nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, nikaacha pakauke. Kisha nikaitazama kanda yenyewe: haikuwa na ukungu, ila kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kwenye kichwa kilikuwa kimedondoka. Bahati nzuri ganda lake lilikuwa la skrubu. Nikafungua, nikahamisha magurudumu mawili pamoja na utepe wake hadi kwenye ganda jingine zima. Nikazungusha kwa penseli, polepole, ili utepe ukae sawa.

Baada ya hapo ni waya mmoja kutoka tundu la sauti la redio kaseti hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Programu niliyotumia ni Audacity, ambayo ni ya bure. Sauti isipandishwe mno. Mistari ikigonga juu kabisa kwenye kioo, sauti inapasuka na hairekebishiki. Na hakuna njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 inanakiliwa kwa dakika 60, na wewe unakaa hapo. Faili kamili ya aina ya WAV ya saa moja inakula kama megabaiti 600. Ya aina ya MP3 inaweza kutosha katika megabaiti 60, lakini imepunguzwa. Tunza ile kubwa kama akiba, na ile ndogo tia kwenye simu usikilize. Wenye santuri nao kazi ni hiyohiyo, ila mnahitaji gramafoni yenye sindano nzima, na vumbi lote lifutwe kwanza.

Basi, tukakaa na bibi, mimi naangalia kompyuta, yeye ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Harusi ikaanza. Vigelegele, ngoma, mtu anakohoa, mtoto analia. Bibi akacheka peke yake. Akawa anataja: huyu anayepiga kigelegele kirefu ni fulani, huyu anayeimbisha wanawake ni fulani, alikuwa mkunga wa kijiji, huyu mtoto anayelia ni mama yako, alikuwa na miaka mitatu. Upande wa pili, sauti ya babu ikatoka. Bibi akanyamaza. Halafu katikati ya sentensi, rumba ya mjomba ikaingia, dakika nne nzima, tukasubiri. Babu akarudi akiwa amefika mbali katika usia wake. Bibi akasema neno moja la Kibembe ambalo maana yake ni kama "bado anaongea".

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natazama mistari ya sauti inavyopanda na kushuka kwenye kioo. Nilifurahi kwamba mashine inafanya kazi. Kwenye daftari langu sikuandika hata jina moja. Faili nikaiita "Bibi upande B", nikaihifadhi, nikajiona nimemaliza.

Bibi alifariki msimu wa mvua uliofuata.

Nimeisikiliza ile kanda mara nyingi tangu hapo. Nimehesabu watu kumi na mmoja wanaosema au kuimba kwa kusikika vizuri. Majina ninayokumbuka ni manne. Mama yangu alikuwa mtoto, hawajui. Mjomba aliyeoa hatunaye. Sauti ninazo, safi, hazina hata mkwaruzo. Watu wenyewe sijui ni kina nani.

Kompyuta inatunza sauti, ndugu zangu. Jina haiwezi kulitunza kama hukuiandikia.

[Muziki mfupi, sekunde 10]

Turudi Hargeisa. Vita vilipopita, kanda zilianza kurudi, nyingine kutoka nchi jirani, nyingine kutoka ardhini, nyingine kutoka kwenye masanduku ya watu. Leo taasisi ya Redsea Cultural Foundation ya mjini hapo imekusanya kanda zaidi ya 10,000. Wanazisikiliza, wanaziorodhesha, wanazinakili kwenye kompyuta. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo za kanda za Kisomali zilitolewa katika albamu iitwayo Sweet as Broken Dates, na albamu hiyo ikateuliwa kushindania tuzo ya Grammy ya Marekani, katika kundi la albamu za kihistoria. Nyimbo za mji uliopigwa mabomu zikasikika dunia nzima.

Lakini kazi yenyewe ni ile isiyoonekana: kuketi na kanda isiyo na maandishi na kuuliza, huyu ni nani? Wimbo huu ni wa mwaka gani? Kazi hiyo inahitaji mzee aliye hai. Mashine unaweza kuazima mwaka ujao. Mzee huwezi kumwazima.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, kama una kanda, usingoje kompyuta. Anza leo na kalamu. Mkalishe mama, mzee, shangazi, muulize: kwenye kanda hii yumo nani? Ilirekodiwa wapi? Mwaka gani, au mwaka wa tukio gani? Lugha gani? Andika kwenye karatasi, uikunje, uifunge pamoja na kanda. Hata kanda isipopona, karatasi itabaki. Siku ikinakiliwa, faili iitwe kwa jina la maana: mahali, mwaka, wanaosikika.

Nakala nayo isiwe moja. Simu inaibiwa, memori kadi inakufa bila kuaga, kompyuta inaingia virusi. Weka nakala tatu, na moja iwe mbali, kwa ndugu aliye kambi nyingine au nchi nyingine. Sisi wakimbizi tunaelewa maana ya kutokuweka kila kitu katika nyumba moja. Wale wa Hargeisa nao walielewa: Jibuti, Ethiopia, na ardhini. Na kanda yenyewe usiitupe baada ya kunakili.

Jambo la mwisho ni la heshima. Si kila sauti ni ya kutangazwa. Kwenye kanda kuna siri za ukoo, kuna maneno ya watu waliobaki nyumbani, na kutaja jina au mahali pao kunaweza kuwaletea hatari. Kabla hujampa mtu nakala, kabla hujairusha kwenye simu za watu, uliza wenye sauti kama wapo, au familia zao. Kunakili si ruhusa ya kutangaza.

Mimi nimeuliza. Mama yangu ameruhusu, na mjomba wangu mdogo, yule wa rumba, ameruhusu pia. Amesema ni deni lake.

Kwa hiyo tutafunga kipindi hivi. Nitawachezea sekunde 40 za ile harusi ya Baraka ya mwaka 1983. Mtamsikia mwanamke akiimbisha wenzake kwa Kibembe, sauti yake nzito kidogo, na mwishoni anacheka. Bibi alinitajia jina lake, nami nikalipoteza. Najua tu kwamba alikuwa mkunga. Huenda alimzalisha mama wa mtu anayenisikiliza sasa hivi.

Wazee wetu wa Fizi, wa Baraka, mlioko kambi yoyote, nawaomba mtege masikio. Ukiitambua sauti hii, mtume kijana wako kwenye studio ya kambi yenu, alete jina. Safari hii daftari liko wazi na kalamu iko mkononi.

[Sauti: kanda ya harusi, Baraka, 1983, upande wa kwanza. Mwimbishaji: jina linatafutwa. Sekunde 40, bila muziki wa kufungia]